Louis Pasteur: kuku wenye kuharisha waliomwonyesha njia ya chanjo

GOMA – Kuanzia Majengo na Katoyi hadi Ndosho na Mugunga, kuku wa nyumbani si pambo la parseli. Ni minervali ya mtoto, ni dawa ya mgonjwa, ni chakula cha mgeni anayefika bila taarifa. Wakaaji wa mji huu walikimbia lava ya Nyiragongo mwaka 2002, wakaikimbia tena mwaka 2021, na kati ya hapo wamekimbia risasi mara nyingi. Kila mara kuku amekuwa mali ambayo mama anaweza kubeba chini ya kwapa. Lakini mali hiyo inaweza kuisha ndani ya siku chache. Mmoja anaharisha Jumatatu, wengine wanainamisha vichwa Jumanne, na kabla ya Jumapili banda limebaki manyoya matupu.

Mtu aliyeonyesha kwamba kifo cha namna hiyo kinaweza kuzuiwa kwa chanjo iliyotayarishwa katika maabara ni Mfaransa Louis Pasteur. Wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya maziwa au ya kichaa cha mbwa. Si wengi wanaojua kwamba njia ya chanjo ilimfungukia akiwa katikati ya kuku wenye kuharisha.

Mtoto wa mtengeneza ngozi

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji mdogo wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa askari wa zamani wa Napoleon aliyerudi kwenye kazi ya kutengeneza ngozi. Familia ilihamia Arbois, na huko ndiko kijana Louis alikulia, kati ya harufu ya ngozi mbichi na mashamba ya mizabibu. Shuleni hakuwa wa ajabu mwanzoni. Alisifiwa zaidi kwa kuchora sura za watu kuliko kwa hesabu.

Hata hivyo alifika Paris, akasoma katika École normale supérieure na kupata shahada ya udaktari wa sayansi mwaka 1847. Hakuwa daktari wa watu wala wa mifugo. Alikuwa mtu wa kemia, na jambo hilo lilimletea maneno mengi baadaye, kwa sababu madaktari wengi hawakupenda kufundishwa ugonjwa na mtu asiyewahi kutibu mgonjwa. Mwaka 1849 alimwoa Marie Laurent huko Strasbourg. Marie hakuwa mke wa kupika tu: aliandika kazi za mumewe alizosomewa, alipanga karatasi zake, na kwa miaka mingi alikuwa mwandishi wake wa kila siku.

Mwaka 1854 Pasteur alihamia chuo kikuu cha Lille. Huko watengenezaji wa pombe walimletea shida yao: pombe nyingine ilikuwa inaharibika bila sababu ya kuonekana. Alipoweka matone chini ya hadubini, aliona viumbe vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Alionyesha kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hivyo vilivyo hai, na kwamba kila aina ina kazi yake. Kutoka hapo ilizaliwa njia ya kupasha divai moto kwa kiasi ili kuua vijidudu bila kuiharibu, na baadaye njia hiyo ikatumika kwa maziwa. Hata leo, mtu wa Goma anayesema maziwa fulani ni pasteurisé analitaja jina lake.

Misiba nyumbani, msiba wa viwavi

Ugonjwa wa tumbo haukuwa kwa Pasteur jambo la vitabu. Mwaka 1859 binti yake Jeanne, mwenye miaka 9, alikufa kwa homa ya matumbo, ile ambayo wengi hapa wanaiita tifoide. Mwaka 1866 homa hiyohiyo ilimchukua binti mwingine, Cécile, mwenye miaka 12. Mwaka mmoja kabla yake, mdogo wao Camille alikuwa amekufa akiwa na miaka 2. Katika watoto watano, wawili tu ndio walikua.

Wakati misiba hiyo inamwandama, serikali ilikuwa imemtuma kusini mwa Ufaransa, katika eneo la Alès, kwa ajili ya viwavi wa hariri. Familia nyingi za wakulima ziliishi kwa kufuga viwavi hao, na tangu miaka mingi walikuwa wanakufa kwa wingi. Pasteur alikuwa hajawahi kushika kiwavi wa hariri mkononi mwake. Alianza kazi mwaka 1865 na kuifanya kwa miaka 5 hivi.

Aligundua magonjwa mawili tofauti yaliyochanganywa kama moja. La kwanza lilipita kutoka kwa mama hadi kwenye mayai yake. Dawa yake ilikuwa kumchunguza mama kwa hadubini baada ya kutaga: akionekana na ugonjwa, mayai yake yanachomwa moto, akiwa mzima, mayai yanatunzwa. Ugonjwa wa pili ulikuwa wa utumbo. Vijidudu vilijaa katika matumbo ya viwavi waliobanwa fasi moja, kwenye joto, hewa mbaya na majani yaliyoanza kuoza. Hapo dawa ilikuwa usafi, nafasi na chakula kizuri.

Kazi ilikuwa bado inaendelea pale tarehe 19 Oktoba 1868 damu ilipovuja katika ubongo wake. Alikuwa na miaka 45. Upande wa kushoto wa mwili ulipooza, na mkono wake wa kushoto haukupona kabisa. Alirudi kazini akitegemea zaidi mikono ya wasaidizi wake, na hasa macho yake mwenyewe.

Kolera ya kuku

Mwishoni mwa mwaka 1878, Henry Toussaint, mwalimu wa shule ya madaktari wa mifugo ya Toulouse, alimtumia Pasteur sampuli za ugonjwa uliokuwa unamaliza kuku katika mashamba ya Ufaransa. Wakulima waliuita kolera ya kuku. Mikrobi yake ilikuwa imekwisha kuonekana kwa hadubini, na Muitaliano Perroncito na Toussaint walikuwa wameieleza, lakini kuikuza vizuri nje ya mwili wa ndege kulikuwa kazi ngumu.

Jina hilo linaweza kuchanganya wakaaji wa Goma, mji unaokumbuka kolera iliyoua maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda mwezi Julai 1994. Ni magonjwa mawili tofauti. Kolera ya watu inaletwa na mikrobi nyingine, na kuku hamwambukizi mtu kolera hiyo. Jina lilitolewa kwa sababu ya kuharisha na kwa sababu ya kasi ya kifo.

Pasteur alipata chakula kinachofaa kwa mikrobi hiyo: mchuzi wa nyama ya kuku. Ndani ya mchuzi huo ilikua vizuri sana, na tone dogo lilitosha kumwua kuku. Kisha akatazama jambo ambalo kila mfugaji anapaswa kulijua. Alipoweka matone ya mchuzi huo juu ya chakula na kuku wakakila, mikrobi ilizaana ndani ya utumbo, na kinyesi cha kuku hao kikawa na nguvu ya kuua kuku wengine. Hapo ikaeleweka namna ugonjwa unavyotembea katika uwanja: mgonjwa anaharisha chini, mzima anadonoa palepale.

Akaona pia jambo la pili. Kobayi waliochomwa sindano ya mikrobi hiyo hawakufa. Walipata jipu tu, wakaendelea kula. Lakini ndani ya jipu mikrobi ilikuwa hai na kali, na kuku au sungura wanaoishi nao wangeweza kufa bila mtu kujua ugonjwa umetoka wapi. Katika Kivu, ambako nyumba nyingi zinafuga kobayi, sungura na kuku katika chumba kimoja, onyo hilo lina uzito wake.

Mchuzi uliozeeka

Hadithi inayosimuliwa shuleni inasema kwamba katika majira ya joto ya mwaka 1879 Pasteur alienda likizo, mchuzi ukabaki wiki nyingi bila kuguswa, na aliporudi, kuku waliochomwa kwa mchuzi huo wa zamani waliugua kidogo na kupona. Walipochomwa tena kwa mchuzi mpya na mkali, hawakufa. Wanahistoria waliosoma madaftari yake baadaye wameonyesha kwamba mambo hayakuwa ya bahati tu. Pasteur na msaidizi wake Émile Roux walifanya majaribio mengi kwa makusudi, na majibu yaliyo wazi yalikuja mwishoni mwa mwaka 1879 na mwanzoni mwa 1880.

Kwa njia yoyote ile, maana ilikuwa kubwa. Mikrobi iliyoachwa muda mrefu katika hewa ilipoteza ukali wake. Kuku aliyeipokea aliugua kidogo, mwili wake ukajifunza kupigana, na ugonjwa wa kweli ulipofika ukamkuta tayari. Mwezi Februari 1880 Pasteur alitangaza matokeo hayo mbele ya Académie des sciences mjini Paris. Mwaka 1881, mjini London, aliomba njia zote za namna hiyo ziitwe kwa neno lililotoka katika kazi ya Mwingereza Edward Jenner, aliyetumia ugonjwa wa ng'ombe kuzuia ndui mwaka 1796. Ndilo neno linalosikika leo katika kila kituo cha afya cha Goma: vaksini.

Lakini chanjo yake ya kuku haikutegemewa sana mashambani, kwa sababu nguvu yake haikuwa sawa kila mara. Kwa mkulima ambaye ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia kwake, Pasteur alikuwa na shauri la kawaida kabisa: kutenga kuku, kutoa kinyesi na kuosha uwanja kwa maji yenye dawa ya kuua mikrobi.

Banda la Goma mbele ya mafundisho hayo

Miaka zaidi ya 140 baadaye, mambo aliyoyaona katika viwavi na kuku bado yanamsaidia mfugaji wa nyumbani. Kinyesi ndicho barua ya kwanza ya ugonjwa, na hazifanani zote.

Kwa kolera ya kuku, mara nyingi wakubwa ndio wanaokufa, wengine ghafla bila dalili. Wanaobaki wanasimama wamevimbisha manyoya, mabawa yameshuka, usingizi umewashika. Kinyesi kinakuwa cha maji, kisha njano au kijani, na kilemba cha kichwa kinaweza kugeuka rangi ya bluu. Antibiotiki iliyoandikwa na veterineri inaweza kupunguza vifo, lakini ugonjwa unaweza kurudi dawa ikisimama, na kuku aliyepona anaweza kubaki na mikrobi na kuwapa wengine.

Vifaranga wa wiki 3 hadi 8 wakiharisha damu, mara nyingi ni koksidiosi. Huu unaletwa na kijidudu cha utumbo kinachopenda unyevunyevu, na mvua za Goma zinakisaidia. Dawa inayotumika sana ni amprolium, inayotiwa katika maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ikianza mapema inaokoa wengi. Lakini matandiko yakibaki maji, ugonjwa unarudi. Dawa nyingi za kusafishia haziui mayai ya kijidudu hicho. Ukavu na maji yanayochemka vinafanya kazi zaidi.

Kifaranga wa siku chache mwenye kinyesi cheupe kilichoganda nyuma anaweza kuwa na salmonela iliyotoka kwa mama kupitia yai. Ni sawa na ugonjwa wa kwanza wa viwavi wa Alès. Kuku waliopona ugonjwa huo wasiachwe kutotolesha, hata wakionekana wanene, kwa sababu wanaweza kuwapa watoto wao. Mikrobi za jamii hiyo nyingine zinaweza kumwugua mtu pia, hivyo mikono inaoshwa kila mara baada ya kugusa kuku au kinyesi chake.

Ugonjwa unaodanganya zaidi ni Newcastle. Kuku anaharisha kijani, anahema kwa shida, shingo inapinda, na banda zima linaweza kuisha. Wengi wanakimbilia antibiotiki na kupoteza franka zao bure, kwa sababu Newcastle inaletwa na virusi na haina dawa ya kuiponya. Hapo ndipo fundisho la Pasteur linasimama peke yake: chanjo inawafaa walio wazima, kabla ugonjwa haujafika, na inarudiwa kwa wakati uliowekwa. Anayengoja kuona wa kwanza akianguka mara nyingi amechelewa.

Kwa sababu kuharisha kwa kijani kunaweza kuwa kolera au Newcastle, njia ya hakika ni kumpelekea veterineri kuku aliyekufa punde, akiwa amefungwa vizuri katika mfuko, ili afunguliwe na kuchunguzwa. Wakati wa kungoja, mgonjwa anatengwa, anapewa maji safi na fasi yenye joto, na wazima wanahudumiwa kwanza, mgonjwa mwisho. Kuku mpya kutoka sokoni anakaa peke yake wiki mbili hivi. Aliyekufa hatupwi barabarani wala ziwani, wala hauzwi. Anafukiwa kwa kina, na pale jiwe la volkano linapokataa jembe, anachomwa moto hadi aishe. Mayai na nyama ya kuku anayepewa dawa haviliwi hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite.

Kutoka kuku hadi watu

Baada ya kuku, Pasteur aligeukia kimeta, ugonjwa ambao kwa Kifaransa unaitwa charbon na ambao uliua kondoo na ng'ombe wengi. Mwezi Mei 1881, katika shamba la Pouilly-le-Fort karibu na Melun, nusu ya kundi la kondoo ilichanjwa mbele ya watu, nusu ikaachwa. Tarehe 31 Mei wote walichomwa mikrobi kali. Tarehe 2 Juni waliochanjwa walikuwa wamesimama. Wasiochanjwa walikuwa wamekufa au wanakata roho.

Ushindi huo ulikuwa na kivuli chake. Toussaint, yuleyule aliyemtumia sampuli za kuku, alikuwa amekwisha kutengeneza chanjo ya kimeta mwaka 1880. Chanjo iliyotumika Pouilly-le-Fort ilitayarishwa na msaidizi Charles Chamberland kwa dawa ya kemia, njia iliyo karibu na ya Toussaint kuliko Pasteur alivyoacha watu waamini. Toussaint aliugua na kufa mwaka 1890, kabla ya kupewa heshima iliyomfaa.

Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja kutoka Alsace alimleta Paris mwanawe wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Pasteur hakuwa na ruhusa ya kumchoma mtu sindano. Madaktari walifanya hivyo chini ya uangalizi wake. Mtoto aliishi. Michango ilitoka nchi nyingi, na tarehe 14 Novemba 1888 Institut Pasteur ilifunguliwa mjini Paris.

Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895 huko Marnes-la-Coquette, akiwa na miaka 72. Serikali ilimfanyia mazishi ya taifa, na mwili wake umelala ndani ya taasisi yenye jina lake. Marie alifuata mwaka 1910 na kuzikwa palepale.

Uzi wa kazi hiyo unafika hadi Goma. Marcel Mérieux, aliyejifunza katika Institut Pasteur, alianzisha maabara yake Lyon mwaka 1897, na leo maabara ya INRB mjini Goma ina jina la Rodolphe Mérieux, wa ukoo huohuo. Mwaka 2019, Ebola ilipoingia Goma kwa mara ya kwanza, chanjo ilikuwa moja ya silaha zilizosaidia kuuzuia ugonjwa usisambae mjini. Na mikrobi ya kolera ya kuku, ile iliyokua katika mchuzi wa nyama ya kuku, hadi leo inabeba jina la mtu huyo katika vitabu vya veterineri: Pasteurella.